Vidonge Ambavyo Bibi Esta Hakuvimeza

Mwezi uliopita nilimdanganya tabibu. Ni kijana wa rika lenu, ana koti jeupe lililopigwa pasi na adabu nzuri. Nilikwenda kliniki ya presha hapa Mbinga, nikakaa kwenye benchi tangu saa mbili, zamu yangu ikafika saa tano. Akaniuliza, "Mzee, dawa unameza vizuri, sivyo?" Nikamjibu, "Nameza vizuri." Nilikuwa sijameza kwa siku tisa. Kile kidonge kinachotoa maji mwilini kinanipeleka chooni kila nusu saa, na wiki hiyo tulikuwa na vikao vya harusi ya mpwa wangu, na mwenyekiti wa vikao ndiye mimi.

Nimefanya kazi ya utabibu miaka thelathini na minne. Presha isiyotibiwa naijua inavyofanya kazi, nimezika watu wake mara nyingi. Na bado nilisema nameza vizuri, tena kwa sauti ya kujiamini. Kijana wa watu sikumlaumu. Aliniuliza swali lenye jibu moja tu la heshima, nami nikampa hilo. Mimi mwenyewe niliuliza swali hilohilo kwa miaka mingi, kwa maneno hayohayo, na ilikaribia kumuua mtu. Mmeniomba niwaeleze nyie mnaoanza kazi jambo moja nililojifunza. Nilijifunza mengi, mengine yalikuwa ya kitaalamu na mnaweza kuyasoma. Hili halimo kitabuni, kwa hiyo naanza nalo.

Mimi ni Mmatengo wa milimani, nimezaliwa kwenye kahawa, ng'ambo ya Litembo. Nilipopangiwa zahanati ya ufukweni mwa Ziwa Nyasa nilikuwa na miaka thelathini na minane, sijui kuogelea wala sijui Kinyasa. Mpaka leo kati ya hivyo viwili nimejifunza kimoja, na si kuogelea. Jina la kijiji siwaambii, maana watu wake bado wapo na wana simu.

Tulikuwa watumishi wawili. Mwenzangu alikuwa Nesi Bertila, mkunga aliyebakiza miaka michache astaafu. Bertila alikuwa amezalisha karibu nusu ya kijiji, kwa hiyo alikuwa na haki ya kumfokea yeyote, na sikumsikia akifoka. Mimi sikuwa nimemzalisha hata mmoja, na nilifoka kila siku ya kazi. Niliamini ukali ni sehemu ya matibabu. Mwalimu wetu chuoni alikuwa mkali, tukafaulu, basi nikaona dawa ni ileile.

Bibi Esta alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu. Alikuwa Mwanglikana wa lile kanisa lililo karibu na maji, na kazi yake ilikuwa kuanika usipa, wale dagaa wadogo wa ziwa letu. Alikuwa na kisukari. Nilikigundua mimi, na nilijivunia kukigundua. Nikamwanzishia kidonge kimoja cha kushusha sukari, nikamwandikia kwenye bahasha: kimoja asubuhi, baada ya chai.

Mwezi wa pili, siku ya kliniki, aliniambia neno. Alisema, "Daktari, hivi vidonge vinanitetemesha. Naloa jasho, macho yanaingia giza."

Nyie mliosoma juzi mmeshajua ni nini. Sukari ilikuwa inashuka kupita kiasi. Hata mimi nilijua, swali hilo lilikuwa kwenye mtihani na nililipata. Lakini benchi lilikuwa limejaa mpaka uani, na sikupenda namna alivyoniambia, kama mtu anayerudisha bidhaa dukani. Nikamuuliza, "Bibi, kati yangu na wewe, nani kasoma?"

Akasema, "Ni wewe, Daktari."

"Basi meza dawa."

Akasema asante, akachukua bahasha yake, akaondoka.

Hiyo asante iangalieni sana. Mgonjwa akikushukuru baada ya kumnyamazisha, ujue amefunga mlango, na ameufunga polepole ili usisikie. Tangu siku hiyo Bibi Esta hakuniletea tena lalamiko lolote. Nikadhani amepona kutetemeka.

Alikuja kila mwezi kwa karibu miaka miwili. Akiingia ananiamkia, "Shikamoo, Daktari," na mimi naitikia, "Marahaba." Mama huyu alikuwa wa umri wa mama yangu mzazi. Kule kwetu mlimani ningethubutu kupokea shikamoo ya mtu wa umri huo, baba angeniuliza nimerukwa na akili lini. Lakini koti jeupe linaongeza miaka, na mimi nilikuwa nalivaa hata siku za joto.

Namwuliza, "Dawa unameza?" Anasema, "Nameza." Nampima sukari, iko juu. Nampandishia dozi. Mwezi unaofuata: "Dawa unameza?" "Nameza." Sukari iko juu. Nampandishia tena. Kutoka kidonge kimoja tukafika viwili, kutoka viwili tukafika vinne, viwili asubuhi na viwili jioni, ambacho ndicho kipimo cha mwisho. Kwenye faili lake niliandika: mgonjwa mkaidi, hafuati mlo. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, kila mtu angeweza kusoma.

Nesi Bertila alinionya mara moja. Tulikuwa tunafunga dirisha la dawa, akasema, "Daktari, wewe ukiuliza, unauliza kama hakimu. Mtu mbele ya hakimu anakana."

Nikamwambia wagonjwa wa ufukweni wamezoea kudekezwa. Akasema sawa, akaendelea kufunga dirisha.

Sasa ikafika Alhamisi Kuu. Kliniki ilikuwepo kama kawaida. Nikampima Bibi Esta, sukari ikawa juu kuliko miezi yote. Nikachoka. Nikamwambia mbele ya watu waliokuwa mlangoni, "Bibi, mimi nimemaliza. Macho yatapofuka, mguu utaoza, utakatwa, na utakuwa umejitakia mwenyewe. Usiseme Daktari hakukuambia."

Alinyoosha kitenge chake mapajani mara mbili tatu. Kisha akaaga, na safari hii hakusema asante.

Mambo yaliyotokea baada ya hapo nimeyajua kwa kusimuliwa. Alifika nyumbani akiwa ameogopa kweli. Aliwaza mguu. Mwanika usipa asiye na mguu anasimamaje kwenye mchanga? Jioni ile akameza vidonge viwili, kama nilivyoandika. Asubuhi ya Ijumaa Kuu akameza vingine viwili. Na kwa kuwa ilikuwa Ijumaa Kuu, na yeye ni mtu wa dini, akafunga. Hakula, hakunywa chai. Akavaa gauni jeupe la umoja wa akina mama, akaenda kanisani kwenye ibada inayochukua saa tatu mfululizo.

Mimi ni Mkatoliki, ibada yetu ilikuwa saa tisa. Saa saba nilikuwa nyumbani kwangu, nyuma ya zahanati, napiga pasi shati. Nikasikia watu wanakuja mbio. Kwa wale wasiojua, watu wa kule hawakimbii Ijumaa Kuu. Wanne walikuwa wamembeba kwenye mkeka, na binti yake, Mariamu, alikuwa mbele yao, hana viatu.

"Ameanguka," alisema Mariamu. "Ameanguka kwenye neno la nne."

Padri wao alikuwa anahubiri yale maneno saba ya msalabani, akawa amefika la nne. Waumini wengine wananiambia mpaka leo hawajasikia matatu yaliyobaki.

Bibi Esta alikuwa amelowa jasho kama mtu aliyetolewa ziwani. Haitiki. Taya limekaza. Nikamtoboa kidole, nikaweka damu kwenye mashine. Mashine haikuandika namba. Iliandika herufi mbili, maana yake sukari iko chini kuliko inavyoweza kuhesabu. Nilizitazama zile herufi mbili nikaelewa kila kitu kwa pamoja, na sikuwa na nafasi ya kukaa kitako nielewe vizuri.

Mtu mmoja alikuwa tayari na kikombe cha chai yenye sukari, anataka kumnywesha. Bertila akamshika mkono. Hili lishikeni: asiyejitambua hanyweshwi, itaingia kwenye mapafu. Tulimlaza ubavu, Bertila akampaka sukari iliyolowana ndani ya shavu, mimi nikatafuta mshipa. Mishipa ya mtu aliyefunga na kutoka jasho ni kazi. Wa kwanza ulikataa. Wa pili ulikataa. Nikamsikia Mariamu nyuma yangu anapumua. Wa tatu ukakubali. Nikasukuma glukosi, na baada ya dakika chache Bibi Esta akafumbua macho, akatazama dari, akauliza kama ibada imekwisha.

Watu wakashukuru Mungu. Mimi sikukaa kushukuru, maana kidonge kile kinabaki mwilini muda mrefu. Sukari inapanda, halafu dawa inaivuta chini tena. Nilikuwa na chupa moja tu iliyobaki. Padri akatoa gari lake, tukamlaza nyuma kwenye godoro, mimi nikashika dripu, Mariamu akashika kichwa cha mama yake, tukaanza kupanda kwenda hospitali. Barabara ya wakati huo haikuwa ya lami, na kona zake mnazijua. Njiani alipoteza fahamu tena, mara mbili. Nikamrudisha mara mbili. Chupa iliishia kwenye geti la hospitali, na sisemi hivyo ili kupamba hadithi, iliishia pale getini kweli.

Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke kijana, mtulivu. Alipomaliza kumhudumia akatuita mimi na Mariamu. Akaniuliza, "Alikuwa anameza vidonge vingapi?"

"Vinne kwa siku," nikasema. "Kwa miezi minane sasa."

Mariamu akasema, "Jana ndiyo siku ya kwanza."

Akafungua mkoba, akatoa kopo la maziwa ya unga, akaliweka mezani. Kijijini niliagiza aje na dawa zote za mama yake, na yeye alifanya kama nilivyoagiza. Daktari akafungua kifuniko. Kopo lilikuwa limejaa vidonge vyeupe mpaka juu, miaka miwili ya vidonge, vikavu na visafi, hata kimoja hakijapata unyevu. Bibi Esta alikuwa mtunzaji mzuri.

Daktari alilitazama kopo, akanitazama mimi. "Ulimpandishia dozi kwa nini?"

"Sukari haikushuka."

"Hukujiuliza kwa nini haishuki?"

"Nilijiuliza," nikasema. "Nikajijibu kwamba ni mkaidi."

Akanieleza kwamba dawa ile kwa watu wa umri ule si nzuri hata kwa kipimo kidogo, na kwamba dozi hupandishwa juu ya dawa iliyomezwa, si juu ya dawa iliyoko kwenye kopo. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Alipotoka, Mariamu akaniambia bila kunitazama, "Mama alikuambia anatetemeka. Ukamuuliza nani kasoma. Alirudi nyumbani akatuambia, yule kijana ana hasira, tusimsumbue."

Nikarudi kijijini kwa gari lilelile.

Bibi Esta alipona. Alikaa wodini siku tano. Lakini habari ilifika kijijini kabla yangu, na ilifika ikiwa fupi: Daktari amemzidishia Bibi Esta dawa, Bibi Esta ameanguka kanisani. Ningetaka kuikanusha, lakini ilikuwa kweli.

Jumanne baada ya Pasaka, sikukuu zimekwisha, nilifungua zahanati kama kawaida. Benchi lilikuwa tupu. Jumatano tupu. Alhamisi alikuja mtu mmoja, akauliza kama tumeona mbuzi wake. Nesi Bertila alikaa anashona nguo ya mjukuu. Ijumaa akaniuliza, "Daktari, watu wote wamepona?"

Hapo tulikuwa tunatazama ziwani, na mtumbwi ulikuwa unapita na mama mjamzito katikati, ameshika mwavuli, anapelekwa zahanati ya kijiji cha mbele. Kwetu kulikuwa na mkunga aliyempokea mama huyo mwenyewe siku anazaliwa. Wiki iliyofuata mtoto wa jirani yangu alishikwa na malaria. Mama yake alipita mbele ya mlango wangu, mtoto mgongoni, homa naiona kwa macho, akapanda pikipiki kwenda mbali. Mtoto alifika salama. Nilikaa siku nzima nikiwaza safari ambayo mtoto mwingine hatafika.

Nilimwambia Bertila nitaomba uhamisho. Akasema, "Omba. Lakini huko unakokwenda utakwenda na mdomo huohuo."

Basi nikaenda kwa Bibi Esta. Nilikwenda asubuhi, bila koti. Alikuwa ufukweni anageuza usipa kwenye vichanja, amekonda kidogo. Mariamu alikuwa upande wa pili wa kichanja. Aliponiona alisema jambo kwa Kinyasa, na mama yake akamjibu kwa Kinyasa, na sikuhitaji kutafsiriwa.

Nikasema, "Shikamoo, Mama."

Bibi Esta aliinua uso. Ilikuwa mara ya kwanza kumwamkia katika miaka miwili. "Marahaba," akasema.

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Umekuja kuomba msamaha, au umekuja ili niwaambie watu warudi zahanati?"

Nilifikiria kudanganya kidogo. Nikasema, "Yote mawili."

"Basi anza na la kwanza," akasema. "La pili tutaona."

Nikaanza. Nilimwambia kwamba aliniambia dalili na nikamnyamazisha, kwamba nilipandisha dozi kwa kiburi, kwamba Alhamisi ile nilimtisha mbele za watu, na kwamba vile vidonge vingeweza kumuua, na vilikuwa vyangu. Nilisema yote nikiwa nimesimama, maana hakunikaribisha kukaa. Aliendelea kugeuza usipa. Nilipomaliza akasema, "Umesema vizuri. Sasa njoo kesho saa kumi na mbili."

"Kufanya nini?"

"Kuona."

Nilikwenda asubuhi tatu. Siku ya kwanza nilidhani nitakaa pembeni, akanipa karai. Mitumbwi inaingia alfajiri na usipa wabichi. Wanamwagwa, wanaoshwa, wanatandazwa kabla jua halijawa kali, halafu wanageuzwa na kugeuzwa, na ukizubaa kunguru wanakusaidia kuwamaliza. Hakuna aliyekunywa chai. Hakukuwa na chai. Saa mbili, saa nne, saa tano, yule mama ameinama tu. Chakula chake cha kwanza kilikuwa saa saba mchana, ugali wa muhogo. Mimi saa nne nilikuwa naona nyota, na mimi sina kisukari.

Siku ya tatu, tukiwa tunakula, nikamwambia, "Nilikuandikia kimoja asubuhi baada ya chai."

"Ndiyo."

"Hunywi chai."

"Sinywi," akasema. "Hukuniuliza."

Pale pale kwenye mchanga tukaipanga dawa upya, mimi nikieleza dawa inavyofanya kazi na yeye akieleza siku yake inavyokwenda. Mimi nakijua kidonge, yeye anamjua Bibi Esta. Wakati huo hospitali walishambadilishia dawa, wakampa ile isiyoshusha sukari kwa kishindo. Nilitaka aimeze asubuhi na jioni. Akasema asubuhi haiwezekani, labda niwaambie usipa wachelewe. Tukakubaliana saa saba na ugali, na usiku na chakula. Akauliza kama anaweza kuandika mwenyewe namba za sukari yake, maana alisoma mpaka darasa la nne shule ya misheni. Nilikuwa sijawahi kumwonyesha mgonjwa namba yake. Nilikuwa nazificha kama siri ya jeshi. Tangu hapo alikuja kliniki na daftari lake, na mara mbili alinisahihisha tarehe.

Kuhusu lile la pili alikuwa na sharti. "Watu waliniona naanguka kanisani," alisema. "Uwaambie kanisani. Mimi sitakusemea."

Jumapili nilikwenda kwenye kanisa lao. Baada ya matangazo padri akaniita. Nilizungumza labda dakika tatu, na nimewahi kufanya mitihani mifupi kuliko dakika hizo. Nilisema kilichotokea, kwa mpangilio, bila kuongeza na bila kupunguza. Nikasema kosa lilikuwa langu. Mkatoliki kusimama mbele ya Waanglikana kuungama hadharani ni jambo la kipekee, na naamini walilifurahia kidogo.

Kisha mzee mmoja wa nyuma, mgonjwa wangu wa presha, akanyoosha mkono. "Daktari, na sisi wengine tuliokuambia tunameza?"

Watu wakacheka, halafu wakaacha, wakaona kwamba mzee hatanii.

Nikasema, "Leteni makopo. Hakuna atakayefokewa."

Alhamisi benchi lilijaa. Walikuja na makopo, na mifuko ya nailoni, mmoja alikuja na soksi. Niliona vidonge vya presha, vya kifafa, vya pumu. Nilikaa na kila mmoja, nikawa nauliza swali ambalo Bertila alinifundisha asubuhi hiyo. Nalo ni hili, liandikeni: "Dawa hizi ni ngumu kumeza kila siku. Siku gani zinakushinda?" Ukiuliza hivyo, umeshamwambia kwamba kushindwa ni jambo la watu. Mmoja alisema kidonge ni kikubwa, kinamkwama. Hakuna aliyewahi kumwambia kinaweza kukatwa. Mwingine alisema mume wake hajui kwamba ana kifafa, na dawa hana pa kuificha. Mzee wa presha alisema zake anampa mbwa aliyekuwa na kikohozi. Nikamuuliza mbwa anaendeleaje. Akasema amepona. Niliiandika.

Siku hiyo nilitibu wagonjwa wachache kuliko siku yoyote, na niliwajua wengi zaidi. Dozi nilizishusha kwa zaidi ya nusu ya waliokuwepo, kwa sababu sasa walikuwa wanakwenda kuzimeza kweli.

Msidhani baada ya hapo nilikuwa malaika. Nilifoka tena, mara kadhaa, na Bertila akawa anakohoa chumba cha pili. Mpaka alipostaafu, kikohozi chake kilikuwa na maana moja tu.

Mariamu ndiye aliyebaki. Mama yake alikuwa akija kliniki, tukicheka, lakini Mariamu alimsindikiza mpaka kwenye mti wa mlangoni na kuishia hapo. Nikimsalimia anaitikia, basi. Mwaka uliofuata akawa na mimba ya kwanza. Kliniki ya wajawazito alikwenda kule Mbaha, kijijini kwa mume wake. Sikusema neno, haikuwa haki yangu kusema.

Mimba ikiwa ya miezi minane aliingia asubuhi moja peke yake. Aliketi kwenye kiti, uso umevimba.

"Sijaja kwa sababu nimekusamehe," alisema. "Mama amesamehe. Hiyo ni yake."

"Nimeelewa."

"Nimekuja kwa sababu mama anasema wewe ukikosea, utasema. Hao wengine siwajui."

Kisha akaniambia. Kichwa kinamuuma siku tatu, macho yanaona vimulimuli, viatu havimwingii. Na akaniambia kwamba mama mkwe anampa mizizi ya kunywa ili uzazi uwe mwepesi, ameinywa wiki mbili. Katika miaka yangu yote mpaka siku hiyo hakuna mjamzito aliyenitajia mizizi kwa hiari yake. Tulikuwa tunaijua baadaye, mtoto anapokuwa ameshachoka tumboni.

Nilimpima presha, nikarudia kupima, maana namba sikuipenda. Nikamwambia, "Mariamu, hiki ni kifafa cha mimba kinakuja. Nitakuchoma sindano ya kukizuia, halafu unapanda juu hospitali sasa hivi. Nikikubakiza hapa, nitakuwa nakosea."

Akauliza, "Una uhakika?"

"Na presha, ndiyo. Na mizizi, sijui ina nini, nitawaandikia umekunywa ili wao wajue."

Akanyoosha mguu, Bertila akaleta sindano.

Alijifungua usiku huohuo kwa upasuaji, mtoto wa kike, mdogo, mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake. Hakumpa jina la mtu yeyote wa zahanati, na hatukutarajia. Wiki sita baadaye alimleta kwa chanjo. Alipita ule mti wa mlangoni bila kusimama, akaketi, akasema, "Habari za asubuhi, Daktari," akaanza kunieleza ya mtoto kabla sijauliza chochote: anavyonyonya, anavyolia jioni, ushauri gani wa mama mkwe ameufuata na upi ameukataa. Alizungumza muda mrefu. Nje benchi lilikuwa limejaa, na hakuna aliyelalamika.